Megawati zipo, mbona umeme bado unakatika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uboreshaji wa gridi ya Taifa

Mtambo wa tisa wa Bwawa la Julius Nyerere ulipokamilika mwaka 2025, wengi walidhani habari za umeme kukatika zimekwisha. Hazijaisha, ila sababu zake si zile za 2006 na 2011, mabwawa yalipokauka na kila mtaa ukawa na zamu yake ya giza. Safari hii umeme upo. Kazi iliyobaki ni kuufikisha, na ndiyo kazi inayochosha zaidi kwa sababu haina siku moja ya kukata utepe. Maswali yafuatayo yanaanza na mambo makubwa ya nchi na kushuka hadi kwenye mita ya ukutani kwako.

Gridi ya Taifa ni kitu gani hasa?

Ni mtandao mmoja unaounganisha mitambo ya kuzalisha umeme, laini kubwa za kuusafirisha, na vituo vya kupoza umeme vinavyoushusha hatua kwa hatua. Umeme wa maji wa Kidatu, Mtera na Kihansi, umeme wa gesi wa Kinyerezi na Ubungo, na sasa umeme wa Rufiji, yaani wa Bwawa la Nyerere, wote unaingia humo humo. Hakuna anayeweza kusema balbu yake inawaka kwa maji ya Mtera au kwa gesi ya Songo Songo.

Laini za kusafirisha ni za msongo wa kilovolti (maelfu ya volti) 400, 220, 132 na chache za 66. Vituo vya kupoza vinashusha hadi 33 au 11, na hizo ndizo laini za nguzo zinazopita kando ya barabara za mitaani. Transfoma iliyo juu ya nguzo ndiyo inayomalizia kwa kutoa volti 230 zinazoingia nyumbani. Uamuzi wa mtambo upi uwashwe na upi upumzike unafanywa saa zote kwenye kituo cha kuongoza gridi kilichopo Ubungo, Dar es Salaam.

Kama megawati ni nyingi, tatizo liko wapi?

Tuanze na hesabu. Bwawa la Nyerere peke yake lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Ukiongeza mitambo mingine yote, uwezo wa nchi umevuka megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa yamekuwa yakizunguka kati ya 1,900 na 2,000. Mapema mwaka 2024, mvua zikiwa nyingi na mtambo wa kwanza wa Rufiji ukiwa ndiyo kwanza umewashwa, TANESCO ilifikia hatua ya kuzima kwa muda baadhi ya vituo vya maji kwa sababu umeme ulizidi watumiaji. Miezi michache tu kabla ya hapo, mwishoni mwa 2023, nchi nzima ilikuwa kwenye mgao.

Ni sawa na kununua tanki kubwa la maji halafu ukabaki na mpira ule ule mwembamba wa zamani: tanki limejaa, bafuni yanatoka matone. Laini nyingi, transfoma nyingi na vituo vingi vya kupoza vilijengwa kwa ajili ya nchi yenye wateja wachache zaidi. Kuna mitaa ya Dar es Salaam ambayo miaka ishirini iliyopita ilikuwa mashamba ya mihogo. Leo ina maghorofa, mashine za kusaga na viyoyozi, na kituo cha kupoza kinachoihudumia hakikukua kwa kasi hiyo.

Ndiyo maana mpango wa sasa, hasa mradi unaoitwa Gridi Imara, hauzungumzii sana mitambo mipya ya kuzalisha. Unazungumzia transfoma kubwa zaidi kwenye vituo vilivyoelemewa, vituo vipya kwenye wilaya zinazotegemea laini ndefu za kilovolti 33, na laini mpya za kusafirisha. Ukiniuliza, hiyo kazi ilipaswa kwenda sambamba na ujenzi wa bwawa, si kulifuata nyuma. Lakini nguzo hazina mvuto wa kisiasa kama bwawa.

Kwa nini kila mradi unatajwa "kilovolti 400"? 220 haitoshi?

Umeme unapopita kwenye waya, sehemu yake inageuka joto na kupotea njiani. Upotevu huo unategemea wingi wa mkondo unaopita. Ukiongeza msongo mara mbili, mkondo unaohitajika kubeba umeme ule ule unapungua nusu, na upotevu unashuka hadi robo. Kwa nchi ambayo umeme unazalishwa kusini mashariki na kutumika Mwanza, Geita na Arusha, hiyo robo ni fedha nyingi.

Uti wa mgongo wa kilovolti 400 ulianza na laini ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670. Ilijengwa kwa kiwango hicho, ingawa mwanzoni ilitumika kwa 220 kwa kuwa vifaa vya vituoni vilikuwa bado. Kutoka Rufiji umeme unakwenda Chalinze kwa laini ya 400, na kutoka Chalinze mpango ni kuupeleka Dodoma kwa laini nyingine ya msongo huo huo. Kipande hicho cha Chalinze hadi Dodoma kinastahili kufuatiliwa kuliko hotuba yoyote: ndicho kinachoufungulia umeme wa Rufiji njia pana ya kwenda kanda ya kati na ya ziwa.

Tuna bwawa letu, kwa nini tununue umeme wa Ethiopia?

Swali hili lilipamba moto Machi 2025, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kueleza akiwa Kilimanjaro kwamba serikali inapanga kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Mitandaoni watu walicheka, wengine wakakasirika.

Upande wa kiufundi hoja ina uzito. Arusha na Kilimanjaro ziko mwisho kabisa wa laini ndefu inayotoka kusini. Umeme unafika umechoka, njiani umepotea kiasi kikubwa, na hitilafu moja katikati inawaacha wote gizani. Wakati huo huo, Ethiopia na Kenya zimeunganishwa tangu 2022 kwa laini ya mkondo mnyoofu (DC) ya kilovolti 500 kutoka Sodo hadi Suswa, yenye urefu unaozidi kilomita 1,000. Kenya na Tanzania nazo zimeunganishwa kwa laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya kupitia Namanga na Arusha hadi Singida, zaidi ya kilomita 500, ambayo iliwashwa mwishoni mwa 2024. Kwa mtu wa Namanga, umeme unaotoka upande wa Kenya unatembea safari fupi kuliko wa Rufiji.

Halafu laini hiyo haina mlango wa upande mmoja. Inayoleta ndiyo inayopeleka. Nchi zenye gridi kubwa zinauziana umeme kila siku, asubuhi huyu ananunua, usiku anauza. Swali ninaloliona la maana ni la bei: tunanunua uniti kwa kiasi gani, na sisi tukiuza tutapata kiasi gani? Wananchi wangeoneshwa mkataba, kelele zingepungua nusu.

Na upande wa Zambia?

Huko inajengwa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Kisada, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, mradi unaojulikana kama TAZA. Ikikamilika na kuungana na Zambia, gridi za Afrika Mashariki na za Kusini mwa Afrika zitakuwa zimeshikana. Mwaka 2024 ukame uliyashusha maji ya bwawa la Kariba na Wazambia wakakaa saa nyingi bila umeme, huku sisi tukiwa na ziada. Laini ingekuwepo, tungeuza.

Inakuwaje nchi nzima inazimika kwa mpigo?

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ilizimika usiku na karibu nchi nzima ikalala gizani. Taarifa ikasema "hitilafu", neno ambalo halimsaidii mtu kuelewa. Kinachotokea ni hiki.

Umeme wa gridi hauwekwi stoo. Kila sekunde, unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika. Kipimo cha ulinganifu huo ni mizunguko: gridi yetu inatakiwa kuzunguka mara 50 kwa sekunde. Mtambo mmoja ukijitoa ghafla, mizunguko inaanza kushuka kwa sababu mitambo iliyobaki imebebeshwa mzigo wa mwenzao. Ikishuka kupita kiasi, mitambo nayo inajikata ili isiharibike, mmoja baada ya mwingine, na ndani ya sekunde chache hakuna kitu.

Hapa ndipo ukubwa wa mitambo ya Rufiji unapoleta changamoto mpya. Mtambo mmoja wa megawati 235 ni karibu asilimia 12 ya mahitaji ya juu ya nchi, na usiku wa manane, watu wakiwa wamezima vitu, ni asilimia kubwa zaidi. Kidatu yote, na mitambo yake minne, ni megawati 204. Kwa hiyo hitilafu ambayo zamani ingewagusa wachache sasa inaweza kuitikisa gridi nzima.

Dawa yake haionekani kwa macho. Kwanza ni akiba, yaani mitambo inayozunguka bila kubeba mzigo wake wote, tayari kuongeza nguvu. Pili ni vifaa vinavyokata haraka baadhi ya maeneo ili kuokoa mengine. Tatu ni mifumo ya mawasiliano inayowaonesha waendeshaji wa Ubungo hali ya kila kituo papo hapo na kuwawezesha kufungua au kufunga swichi wakiwa mbali. Ya nne ni kuunganishwa na majirani, maana gridi kubwa inatikisika kidogo.

Na baada ya gridi kuzimika, kwa nini inachukua saa kadhaa kurudi? Kwa sababu mitambo mingi yenyewe inahitaji umeme ili iwake. Inaanzishwa michache inayoweza kujiwasha, kwa kawaida ya maji, kisha mzigo unarudishwa kidogo kidogo, kituo kwa kituo. Wakirudisha wote kwa pamoja, inaanguka tena.

Mikoa ya pembezoni itaingia lini kwenye gridi?

Kwa miaka mingi Kigoma na Katavi zilitegemea majenereta ya dizeli, ambayo ni ghali kuliko bei inayolipwa na mteja, hivyo kila uniti iliyouzwa kule ilikuwa hasara. Rukwa ilipata umeme kutoka Zambia na Kagera kutoka Uganda kupitia Masaka. Ruvuma ilitoka gizani mwaka 2018, laini ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea ilipokamilika kwa msaada wa Sweden.

Zilizobaki zilipangiwa laini za Tabora hadi Katavi, Nyakanazi hadi Kigoma, na TAZA niliyoitaja. Kule mpakani Ngara kuna pia mtambo wa Rusumo wa megawati 80 kwenye mto Kagera, unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Zanzibar inahusikaje?

ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, inanunua umeme kwa jumla kutoka TANESCO kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Unguja inaupata kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kutoka Tanga. Waya wa kwanza wa Unguja ni wa mwaka 1980. Ulipoharibika Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hoteli zikiunguza dizeli na watu wakichota maji visimani. Waya wa pili, wa megawati 100, uliwekwa mwaka 2013. Mahitaji ya utalii yanavyokua, nao utahitaji mwenzake.

Mvua zikikosekana, si tutarudi kwenye mgao?

Hofu hiyo ina msingi. Bwawa la Nyerere limeongeza utegemezi wetu kwa maji, tena maji ya bonde moja: Kidatu, Mtera na Kihansi nayo yamo kwenye bonde la Rufiji. Gesi ndiyo bima ya kwanza, ndiyo maana mitambo ya Kinyerezi haitazimwa moja kwa moja. Jua ndiyo ya pili. Kishapu mkoani Shinyanga kuna mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza 50. Ni kidogo, ila umeme wa jua unaendana vizuri na bwawa: mchana unatumia jua na kuyahifadhi maji, jioni unafungulia maji.

Umeme wangu jioni unakuwa mdogo. Hilo nalo ni gridi?

Mara nyingi hapana. Hilo ni la mtaani kwako, na ndilo ambalo mteja wa kawaida analiona zaidi kuliko gridi kuzimika.

Dalili zinajulikana. Saa moja na nusu jioni balbu inakuwa nyekundu, feni inazunguka kama imelazimishwa, friji inanguruma bila kuwaka, inatulia, inajaribu tena. Ukipima kwenye soketi unakuta volti 170 badala ya 230. Saa tano usiku kila kitu kimerudi sawa.

Chanzo ni umbali na msongamano. Transfoma ya mtaa iliwekwa ikihudumia nyumba arobaini. Sasa zinafika mia moja, na za mwisho ziko nusu kilomita au zaidi kutoka kwenye transfoma, kwenye waya mwembamba. Kila nyumba inayowasha pasi au hita inawapunguzia walio mbele yake kwenye waya huo. Kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana: laini ya mtaa ina waya tatu za umeme, na nyumba zinatakiwa kugawanywa sawa kati ya hizo tatu. Fundi anayeunganisha mteja mpya akiwa na haraka anashika waya ulio karibu na ngazi yake. Baada ya miaka kadhaa unakuta waya mmoja umeelemewa na wenzake wamepumzika. Ndiyo maana jirani yako wa ukuta mmoja anaweza kuwa na umeme mzuri wakati wako ni mdogo.

Tiba ni kuongeza transfoma ndogo ndogo karibu na wateja, kubadili nyaya na kupanga upya mzigo. Msisubiri mkandarasi awakute. Wajumbe wa mtaa wakiandika barua moja yenye namba za mita za nyumba zote zilizoathirika na saa tatizo linapotokea, mafundi wanaweza kwenda kupima saa hiyo hiyo. Wakija saa nne asubuhi watakuta volti 230 na wataondoka. Friji, kwa sasa, iwekee kilinda umeme kinachoikata volti zikishuka.

Mnasema mnaboresha, mbona mnakata umeme kutwa nzima?

Kwa sababu kubadili nguzo au kuunganisha laini mpya kwa usalama kunahitaji laini ya zamani izimwe. Mtandao ungekuwa na njia mbili za kufika kila mtaa, wangezima moja na kuwapitishia umeme kwenye nyingine, na hiyo ni sehemu ya mpango kwa miji mikubwa. Mitaa mingi bado ina njia moja. Unachostahili kudai ni taarifa ya mapema yenye jina la mtaa na saa ya kurudi, na saa hiyo iheshimiwe. Mwenye bucha au saluni anaweza kupanga siku yake, mradi aambiwe.

Nguzo za miti hazijapitwa na wakati?

Nguzo nyingi ni mikaratusi ya nyanda za juu kusini, Iringa na Njombe, iliyotiwa dawa. Sehemu kavu inadumu miaka mingi. Penye maji yanayotuama na penye mchwa inaoza shingoni, pale inapokutana na ardhi, na unaiona imesimama kumbe imebaki ganda. Nguzo za zege zinafaa zaidi mabondeni na kwenye njia kuu, na TANESCO ina kampuni yake tanzu inayozitengeneza. Ila ni nzito, zinahitaji kreni na barabara, na zikipasuka safarini ni hasara. Kwa kijiji kilicho juu ya mlima, mti bado ni jibu zuri.

Nyaya nazo zinabadilishwa. Zile tupu zinazopita kwenye miembe zinakutanishwa na upepo, kunguru na popo. Nyaya zilizovishwa plastiki na kusokotwa pamoja zinapunguza hitilafu hizo, na pia zinamzuia mtu kujiunganishia kienyeji.

Ile kazi ya kuingiza tarakimu nyingi kwenye LUKU ilikuwa ya nini?

Mwaka 2024 mteja akinunua umeme alipata seti tatu za tarakimu 20 badala ya moja. Mbili za kwanza zilikuwa za kuboresha mita, ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Wazee walihangaika: tarakimu 60, kibodi yenye vitufe vilivyofutika, ukikosea moja unaanza seti upya. Uvumi ukasema serikali inaingiza mtambo wa kuwachunguza watu.

Ukweli ni wa kihesabu. Mita za kulipia kabla, karibu duniani kote, zinafuata mfumo mmoja unaoweka muda ndani ya kila tokeni (seti ya tarakimu 20) ili isitumike mara mbili. Muda huo unahesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa inatosha dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ambayo haikuboreshwa ingekataa kila tokeni mpya. Zile seti mbili zilibadili ufunguo wa mita na kuanzisha hesabu upya.

Kama una mita kwenye nyumba iliyofungwa miaka kadhaa na hukuiboresha, usinunue umeme mwingi kwa mara ya kwanza. Nunua kidogo, ingiza seti zote kwa mpangilio uliotumwa, hakikisha imekubali. Uniti zilizokuwemo ndani ya mita hazipotei. Tokeni za zamani ambazo hukuwahi kuziingiza ndizo zinazokataliwa.

Mita janja itanisaidia nini?

Ukinunua umeme, uniti zinaingia zenyewe bila kubonyeza tarakimu. Kwa upande wa shirika faida ni kubwa zaidi: mita inatoa taarifa kuwa nyumba haina umeme kabla hujapiga simu, inaonesha volti zinazokufikia, na ukilinganisha jumla ya mita za mtaa na kipimo cha transfoma unajua umeme unaibiwa wapi. Zinafungwa kwa awamu. Siku ya kubadilishiwa, piga picha ya uniti zilizobaki kwenye mita ya zamani mbele ya fundi na uhakikishe zinahamishiwa kwenye mpya. Mpangaji, mwite mwenye nyumba, kwa sababu mita ni ya jina lake.

Gharama hizi zote zitapandisha bei ya uniti?

Bei haipangwi na TANESCO peke yake. Inapitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, baada ya maombi na mikutano ya wadau. Bei zinazotumika tangu 2016 ni shilingi 100 kwa uniti kwa mteja mdogo wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, na 292 kwa mteja wa kawaida. Juu yake kuna asilimia 18 ya VAT, 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na 1 ya EWURA, hivyo unalipa kama shilingi 122 au 356.

Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Unaponunua mara ya kwanza katika mwezi unapata kama 24 tu, kwa sababu shilingi 1,500 za kodi ya jengo zimekatwa hapo hapo. Hizo haziendi TANESCO. Nyumba ya ghorofa inakatwa zaidi.

Kama bei itapanda au itashuka inategemea mambo mawili yanayovutana: umeme wa maji ni nafuu kuzalisha, lakini mikopo ya laini na vituo inalipwa kwa miaka mingi. Kila asilimia ya umeme inayookolewa isipotee njiani inasaidia upande wako.

Tunahimizwa kupikia umeme. Gridi itabeba?

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme linakula karibu kilowati moja, na maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja, nafuu kuliko mkaa kwa bei za leo mjini. Kwa mitambo ya kuzalisha hilo si tatizo. Kwa transfoma ya mtaa ambayo tayari inazidiwa saa moja jioni, ni tatizo kubwa, kwa sababu wote tunapika saa hiyo. Chemsha maharage mchana ukiweza.

Laini kubwa inapita shambani kwangu. Nina haki gani?

Laini ya kilovolti 400 inahitaji njia yenye upana wa takriban mita 50. Nyumba na miti mirefu haviruhusiwi ndani yake, ila mazao mafupi kwa kawaida yanaruhusiwa ujenzi ukiisha. Mali zako zinathaminiwa na mthamini aliyesajiliwa, na unasaini fomu ukiwepo. Isome kabla hujasaini, hesabu miti yako mwenyewe, dai nakala. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita unastahili riba. Usipande migomba mipya usiku ili uongezewe fidia. Wathamini wana picha za kabla.

Nina jenereta na sola. Nifanye nini umeme ukikatika?

Weka swichi ya kubadilisha inayokutenga kabisa na laini ya nje. Wapo wanaochomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme huo unatoka nyumbani kwako, unapanda kwenye transfoma kinyumenyume na kugeuka maelfu ya volti upande wa pili, ambako fundi ameshika waya akiamini umezimwa.

Kuna watu wamekuja na sare wakidai hela ya kubadili nguzo au mita. Nilipe?

Usilipe. Malipo yote ya umeme, pamoja na ya kuunganishiwa, yanapitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, hayapitii mkononi wala kwenye simu ya fundi. Mita ikibadilishwa kwa mpango wa shirika, mteja hadaiwi. Omba kitambulisho, piga simu 180 uulize kama kuna kazi mtaani kwenu siku hiyo, na uwaache wasubiri nje wakati unauliza. Fundi wa kweli atasubiri. Kishoka, yaani fundi bandia, atakumbuka ana dharura kwingine.